Shujaa Asiye na Miguu

Binti yangu Honoka alikuwa mezani, ameukodolea macho ujumbe kwenye simu yake kana kwamba ukitazamwa sana utabadilika. Kampuni iliyokodiwa kuleta wachezaji wa majaribio ilikuwa imeandika kwamba watu wake wote wamelala na mafua, na majaribio yalikuwa mchana ule ule. Nilimwambia anywe supu yake kabla haijapoa. Halafu nikachukua simu yangu nikaanza kuwapigia majirani.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Honoka anatengeneza gemu katika ofisi ndogo hapa Osaka, tawi la kampuni ya Kimarekani yenye makao yake Austin, Texas. Katika gemu yao kubwa unapewa bunduki na mji mzima, unaachiwa uende utakako, uibe gari, umpige unayetaka kumpiga. Wamarekani wanaigombania. Wajapani tunaipita dukani bila hata kuigeuza tuone bei. Makao makuu yakaona dawa ni kuongeza sehemu moja inayotokea Japani, na sehemu hiyo wakapewa Honoka na wenzake. Sasa mkuu wao, Bwana Wade Brannigan, alikuwa amepanda ndege kuja kuona kwa macho yake watu wa kawaida wakiicheza. Wasipoipenda, ofisi itafungwa mwisho wa Machi, na Honoka atachagua: ahamie Texas au atafute kazi nyingine.

Niseme wazi kwamba nilikuwa nimeshamwambia mara nyingi ahame nyumbani kwangu. Lakini nilikuwa na maana ya chumba cha kupanga vituo viwili vya treni kutoka hapa.

Mimi ni mtaalamu wa lishe katika shule ya msingi. Tangu nipate stashahada yangu, kazi yangu ni kuamua shule nzima itakula nini kila mchana, kwa hiyo kukusanya watu wachache kabla ya saa nane hakunishindi. Bi Okuno, muuza tofu wa mtaa wetu, alikubali kabla sijamaliza kueleza. Kinyozi Uchida alisema Jumamosi ana wateja wengi, kisha akauliza kama huko kuna hita, kisha akasema mkewe atashika mkasi. Mwalimu Nanase wa shule ya chekechea akaleta walimu wenzake.

Sikuokota watu wasiojua gemu. Bi Okuno ana kijiji chake ndani ya simu, chenye wanyama anaowapikia na kuwavalisha, na kila usiku huwaaga kabla ya kulala. Uchida amekuwa akipigana na majoka tangu akiwa mwanagenzi wa kunyoa. Mimi napenda gemu za safari, zile za vijana wanaotoka kijijini kwenda kuikomboa dunia, ambapo adui akishakupiga anasubiri kwa adabu zamu yako ifike. Ninazicheza figili ikichemka jikoni. Sikutani na jitu la mwisho mpaka niwe nimezunguka msituni nikiua vidudu vidogo, hadi nguvu zangu zimezidi zake maradufu. Honoka husema huo si mchezo, ni kufua nguo. Sawa. Napenda nguo zikiwa safi.

Ofisi iko juu ya duka la miwani. Bwana Wade alitupokea mlangoni, mtu mrefu mwenye ndevu nyekundu, Kijapani chake ni cha kuagizia chakula tu. Nilikuwa nimekuja tayari kumchukia, akaniharibia mpango kwa kunipa mfuko wa karanga za kwao zilizokaangwa na sukari na kuniinamia chini kuliko alivyohitajika.

Tukaketi, kila mtu na skrini yake na pedi yake ya kuchezea. Kupitia Honoka, Bwana Wade akatueleza kwamba humu hakuna sheria. Tuko huru. Twende popote.

Uchida akainua mkono akauliza popote ni upande gani.

Bwana Wade akacheka, akasema hapo ndipo penye utamu, achague mwenyewe. Uchida akajibu kwamba wiki nzima wateja wanaketi kwenye kiti chake na kumwambia nikate unavyoona wewe, na kwamba siku moja, walau moja, angependa kuambiwa. Nilikuwa upande wake. Mchana kutwa ni mimi ninayeamua kama ni samaki au kuku. Jioni nikiketi nataka mtu mwingine aniambie kwamba mfalme ametekwa, mlima ndio ule, nenda.

Basi tukazurura. Gemu ilituagiza tuibe magari, tukayaiba. Halafu tukaenda kusimama kwenye taa nyekundu. Ukitazama kutoka nyuma ya chumba, kama alivyokuwa akitazama Bwana Wade, uliona skrini zote zinafanana, gari la wizi limesimama mahali pake, linangoja. Alimwuliza Honoka kama kompyuta zimekwama. Polisi wa gemu wakaja wakatukamata sote, nami nilikuwa nimeshawasha taa ya kuashiria kwamba nakata kushoto.

Bi Okuno ndiye aliyeanza kuumwa. Katika gemu hizi za bunduki humwoni mtu wako. Unaona anachokiona yeye, na akigeuza kichwa dunia yote inageuka nawe. Bi Okuno alisema anajihisi kama yuko ndani ya ndoo inayobebwa na mlevi. Mwalimu Nanase akampa tunda la plamu lililokaushwa kwa chumvi alifyonze. Bi Okuno akafumba macho, akayafumbua, akatazama tena.

"Mtu wangu yuko wapi?" aliuliza.

Honoka akamweleza kwamba mtu wake ni yeye mwenyewe, ndiyo maana hamwoni.

"Mimi? Mimi nauza tofu."

Bwana Wade alipotafsiriwa alifurahi. Akasema hilo ndilo jambo lenyewe: nje anauza tofu, humu ndani ni askari wa kukodiwa, hamwogopi mtu. Bi Okuno akatikisa kichwa.

"Basi huyo askari nionyesheni uso wake. Nitamhurumiaje mtu nisiyemwona? Akipigwa risasi mnataka nilie kwa ajili ya nani, kwa ajili ya mikono miwili?"

Halafu tukafika kwenye nyumba.

Sehemu ile Honoka na wenzake waliifanyia kazi karibu mwaka mzima. Ni nyumba ya zamani ya shamba, ina mti wa matunda uani, na ndani kuna mikeka ya tatami iliyochorwa mpaka unadhani utaisikia harufu ya majani yake. Majambazi wamejificha humo, wamemfungia bibi mwenye nyumba jikoni. Kazi yako ni kuingia, kuwapiga na kumtoa. Mlango uko wazi kabisa.

Hakuna aliyeingia.

Uchida alisimama kizingitini akatazama chini. Akarudi nyuma, akatazama chini tena. "Sina miguu," alisema kwa masikitiko. Nanase aliizunguka nyumba akitafuta baraza la nyuma. Mwenzake mmoja alikuwa akijisugua na nyasi za uani kwa bidii kubwa. Mimi nilibonyeza kila kibonye cha pedi, kimoja baada ya kingine, na kimoja kilikuwa cha bomu, kikauchoma mti wa bibi. Niliomba radhi kwa sauti, sijui nilimwomba nani.

Bwana Wade akaja mbele akauliza mlango una kasoro gani. Honoka alikuwa amesimama ukutani, uso umemwiva. Akamwambia mlango hauna kasoro. Wanatafuta mahali pa kuvua viatu.

Yule mtu alitutazama sote, mmoja mmoja. Kisha akauliza polepole, na Honoka akatafsiri polepole vile vile: ina maana tumekuja kuua watu, hilo halitusumbui, ila viatu ndivyo vinavyotuzuia?

Uchida aliweka pedi chini, akamjibu kwa sauti anayowajibia wateja.

"Kuua majambazi ndiyo kazi niliyopewa, Bwana. Lakini mikeka ni ya yule bibi."

Tukaitikia kwa vichwa.

Bwana Wade akaketi. Hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi. Alisema kwa upole kwamba pengine wale wa Austin wamesema kweli, kwamba wachezaji wa huku na wa kule hawawezi kupikiwa chungu kimoja, na hakuna ubaya wowote, kila mtu na ladha yake. Honoka alitutafsiria maneno hayo yote bila kuruka hata moja, sauti yake ikiwa tambarare kama meza. Alikuwa akitangaza kifo cha kazi yake mwenyewe na anachunga sarufi.

Nilitangaza mapumziko. Hakuna aliyenipa ruhusa, lakini mimi ndiye niliyebeba vyakula. Nilipokuwa nikipasha moto madonge ya pweza kwenye jiko dogo la ofisi, nikamwita Honoka nikamwuliza imekuwaje. Amelelewa nyumbani kwangu. Anajua viatu vinaachwa wapi.

Akaniambia mahali pa kuvulia palikuwapo. Alipachora tangu mwanzo, jiwe la kukanyagia na vyote. Austin wakapaondoa, wakisema mchezaji hacheleweshwi mlangoni.

"Ukawaambia nini?"

"Sikuwaambia kitu, Mama. Ulikuwa mkutano wa watu wengi, na Bwana Wade ni mkuu. Nilitaka nimweleze baadaye, kando, nisimwaibishe."

"Na mbona hukumweleza?"

"Kando yake iko Texas."

Sikuweza kumcheka, kwa sababu hata mimi ningefanya hivyo hivyo na mwalimu mkuu wangu. Humpingi mkubwa mbele za watu. Unamngoja kwenye korido, au mnapokunywa pamoja baada ya kazi, ndipo unamtilia neno sikioni. Lakini mkubwa anayeonekana kwenye skrini tu, kisha anazimika, hana korido.

"Leo kando yake iko pale dirishani, inakula pweza," nilimwambia. "Nenda."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Watu gani? Muuza tofu na kinyozi. Walikuona ukiwa na nepi."

Hakwenda. Alibaki anapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangika. Nikaona heri nimshughulishe mgeni asije akaagiza teksi ya kwenda uwanja wa ndege. Nilitoa mashine yangu ndogo ya gemu kwenye mkoba, nikamketisha Bwana Wade kando yangu, nikamfungulia safari mpya tangu mwanzo.

Kwa Kiingereza changu cha chuoni nilimwambia asome. Hakusoma. Mama wa shujaa alipoanza kumuaga mwanawe, Bwana Wade alibonyeza, akabonyeza, akabonyeza, machozi yote ya yule mama yakapita kama treni ya haraka. Mzee wa kijiji naye akapita. Baada ya muda akauliza anakwenda wapi. Nikamwambia watu wanne wameshamweleza. Akaenda moja kwa moja kwenye pango la zimwi akiwa na fimbo ya mbao, akafa. Akarudi, akafa. Uchida, aliyekuja kusimama nyuma yetu, alimshauri azunguke kwanza msituni apate nguvu. Bwana Wade akauliza azunguke kwa muda gani. Uchida akasema, jioni mbili tatu hivi. Yule mtu alifumba macho.

Lakini alinieleza jambo nikamwelewa. Akasema kwao kutwa nzima kalenda yake inajazwa na watu wengine, kila saa kuna mtu anamwambia pa kwenda. Akifika nyumbani hataki kuona mfalme yeyote. Anataka mji na ufunguo wa gari. Sikumwambia kwamba kabla hatujakamatwa niliipita taa moja nyekundu kwa makusudi, nikaona moyo unadunda vizuri.

Kisha zimwi likawa limelala. Bwana Wade alilizunguka akitafuta namna ya kulinyemelea kutoka nyuma, na gemu yangu haina kunyemelea. Unaligusa, linaamka, mnapigana kwa zamu. Akalalamika sana. Akasema hicho ndicho Wamarekani wanachokipenda kuliko vyote, kumfikia adui hajui, kimya, hatua kwa hatua. Alisimama kabisa kutuonyesha, akanyata kwenye zulia la ofisi na mabuti yake ya ngozi, na kila hatua ikalia kwaa, kwaa, hata Bi Okuno aliyelala kwenye kochi akafungua jicho.

Honoka alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini.

"Bwana Wade," alisema, kwa Kiingereza kwanza, kisha akarudia kwa Kijapani ili sote tusikie, sijui ni kwa nini, labda ili asiweze kukimbia. "Mlikata mlango wangu wa kuvulia viatu. Ningepaswa kusema siku ile kwamba mnakosea, na sikusema. Nasema leo. Mnakosea."

Nanase aliacha kutafuna. Bwana Wade alibaki amesimama na mguu mmoja mbele.

Honoka akaendelea. Akasema buti juu ya tatami linasikika nyumba nzima. Soksi haisikiki. Mwache mchezaji avue mlangoni, na humo ndani hatua zake ziwe kimya. Asiyevua aingie tu, lakini majambazi wamsikie.

"Wajapani watavua kwa ajili ya bibi. Wamarekani watavua ili wamfikie mtu kwa nyuma. Mlango ni mmoja."

Bwana Wade aliteremsha mguu. Akauliza kuhusu miguu. Kumchorea shujaa miguu ni kazi ya miezi. Honoka akasema hakuna haja. Mikono anayo. Mikono ishuke, iweke jozi ya buti juu ya jiwe, basi. Bwana Wade akauliza itachukua muda gani kujaribu. Wenzake Honoka walikuwa wameshakaa kwenye kompyuta zao kabla hajajibu, maana kazi ile ya zamani hawakuifuta, waliificha tu. Tulikuwa bado kwenye chai wakati buti zilipotokea, mbaya, za kijivu, kama viazi viwili.

Tuliingia sote.

Sijui nieleze vipi raha ya kuingia kwenye nyumba ile. Uchida alipita chumba hadi chumba bila kutoa sauti, na alipomfungulia bibi jikoni akainama mbele ya skrini akiwa ameketi kitini, kinyozi mzima. Bi Okuno, plamu ya pili mdomoni, hakufika hata kwenye chumba cha kwanza. Alikuwa mlangoni akilalamika kwamba buti zimewekwa ncha zikitazama ndani, nani kawalea hawa, akazisukuma kwa kitako cha bunduki hadi zikatazama nje.

Kisha Bwana Wade akaomba pedi. Alivua buti bila kufikiri juu ya bibi hata kidogo, nilimwona, macho yake yalikuwa kwenye shingo ya jambazi wa kwanza. Na alikuwa hodari. Mmoja baada ya mwingine, hawakusikia kitu. Uchida alimpigia makofi. Akamtoa bibi, na majambazi wengine wakaanza kufyatua risasi kutoka barabarani, naye akaruka kupitia mlango wa nyuma akatua uani, kwenye tope, kwa soksi.

Sote tulivuta pumzi kwa pamoja.

Akageuka kututazama. "Nini?"

"Soksi zako," alisema Mwalimu Nanase, kwa sauti ile anayowaambia watoto wa miaka minne.

Akarudi. Naapa alirudi. Aliizunguka nyumba chini ya mvua ya risasi, akafika kwenye jiwe, akainama kuvaa buti, akauawa hapo hapo akiwa na buti moja. Alicheka hadi akavua miwani akafuta macho. Akasema kwa Kijapani chake cha kuagizia chakula, "Moja tena, tafadhali," na tukacheka zaidi.

Baadaye alitoka kwenye ngazi kupiga simu Austin, ambako kulikuwa usiku, na tukamsikia akimwamsha mtu. Aliongea muda mrefu. Honoka alikuwa akikunja nyaya ambazo hazikuhitaji kukunjwa. Nilimwacha.

Aliporudi alizungumza na Honoka peke yake, lakini chumba kilikuwa kidogo na hakuna aliyejifanya hasikii. Ofisi itabaki mpaka gemu itoke, mwaka mzima, na baada ya hapo wataona mauzo. Mlango utarudi, na miguu pia, kama kutakuwa na nafasi. Ila kuna sharti. Kila wiki kwenye mkutano anataka kusikia kutoka kwa Honoka jambo moja ambalo Austin wamekosea. Asipokuwa nalo, atajua amelificha.

Honoka akainama. Bi Okuno akauliza kama na yeye anaweza kutuma ya kwake, maana anayo mengi, kuanzia na ule uso.

Mkutano wa kwanza ulikuwa Jumanne asubuhi, kwao Jumatatu jioni. Honoka aliufanyia chumbani kwake. Nilikuwa ukumbini nimeshavaa koti, nachelewa kazini, siku hiyo ni samaki vibua na mchuzi wa miso, ule wa maharage ya soya, na sikuwa na sababu yoyote ya kusimama pale. Kupitia mlango nilisikia sauti nyingi za Kiingereza zikizungumza kwa wakati mmoja. Kutokana na maneno niliyoyashika, mtu fulani alikuwa na wazo kwamba bibi naye apewe bunduki.

Nilishika kitasa cha mlango wa nje nikangoja.

"Hapana," alisema Honoka. Kisha, wale walipoanza kueleza tena: "Hapana. Bibi atapewa ufagio. Nyinyi mmeshamchafulia nyumba."

Walicheka huko Texas. Yeye hakucheka, aliendelea kuwaeleza, kwa haraka na kwa ukali, na nikaitambua sauti ile kwa kuwa ndiyo ninayoitumia na wauza samaki. Nikavaa viatu vyangu, nikaenda kuwalisha watoto.